Habari za Leseni ya Mwuza Chakula Katika Mji wa Nairobi

Halmashauri imeonelea vema kuweka katika taarifa ya mwaka huu, baada ya hesabu za fedha na habari za matawi, maneno machache juu ya historia ya leseni ya kuuza chakula. Wengi katika wanachama wetu, hasa akina mama, hupata riziki yao kwa kuuza uji, chai, maandazi, githeri, mboga na matunda, masokoni na kando ya barabara; na kila mwaka swali lilelile huletwa mbele ya mikutano yetu: karatasi zote hizi ni za nini? Wako wasemao kwamba leseni ni kodi tu iliyovikwa nguo nyingine. Wako wasemao kwamba pasipo leseni watu wangalilishwa sumu. Kila upande una sehemu yake ya ukweli, wala mtu hawezi kuzitenga sehemu hizo mbili asipojua jinsi zilivyopata kuunganishwa.

Nairobi haikuanza kama mji, bali kama kituo cha reli. Reli ilifika hapo katika mwezi wa Mei 1899, na karibu yake zikapigwa hema, zikajengwa karakana, na watu wa mataifa mengi wakakusanyika kufanya kazi. Walio wengi walikuwa wanaume waliowaacha wake zao nyumbani. Mwajiri aliwapa posho, nayo ilikuwa unga au nafaka kavu. Lakini mtu aliyetoka kazini magharibi, asiye na jiko wala kuni, alihitaji chakula kilichokwisha pikwa. Basi biashara ya chakula ilizaliwa pamoja na mji wenyewe. Hakuna ofisi iliyoianzisha, bali ilianzishwa na njaa ya mfanyakazi na akili ya mtu aliyekuwa na chungu.

Katika mwaka wa 1902 tauni iliingia Nairobi, na wakubwa wa wakati ule wakaamuru mtaa wa biashara wa Wahindi uchomwe moto. Ugonjwa ukarudi tena katika miaka iliyofuata. Tangu hapo neno afya likawa na nguvu kubwa katika mambo ya mji, na lilistahili kuwa nayo, kwa kuwa tauni si hadithi. Lakini neno hilo lilibebeshwa mzigo mwingine. Katika mwaka wa 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kuja kutazama hali ya afya katika miji ya nchi hii, na shauri lake kubwa lilikuwa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, kila taifa na mtaa wake. Dawa ya panya ni ghala imara na takataka kuzolewa kila siku. Jinsi panya angaliweza kuutambua mpaka wa mtaa wa Wazungu ni jambo ambalo hatujapata kuelezwa.

Twaomba msomaji aushike mfano huo, kwa maana habari yote iliyobaki yatoka katika kuchanganya huko. Kulikuwa na maswali mawili: Je, chakula hiki ni safi? Na je, mtu huyu ana ruhusa ya kuwapo mjini? Yaliandikwa kwenye karatasi moja, yakaulizwa na mtu mmoja, na adhabu ikawa moja.

Katika mwaka wa 1921 ikatungwa Sheria ya Afya ya Umma, ambayo, ingawa imebadilishwa mara nyingi, ingali msingi wa kazi ya Bwana Afya hata leo. Ilimpa mkaguzi uwezo wa kutazama chakula kinachouzwa na kutwaa kisichofaa kuliwa na binadamu. Iliagiza ghala za vyakula zijengwe kwa namna ambayo panya hawezi kuingia. Tena ilikataza mtu kukaa au kulala katika jiko au chumba ambamo vyakula vya kuuza hutengenezwa au kuwekwa.

Amri hizo ni njema. Lakini na tuitazame ile ya mwisho kwa macho ya mtu aliyekaa Pumwani, mtaa ambao Manispaa iliuanzisha kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mama mwenye chumba kimoja hulala humo, huweka gunia lake la maharagwe humo, na alfajiri huwasha moto mlangoni ili uji uwe tayari kabla ya king'ora cha karakana. Mama huyo huvunja sheria kila usiku anapofumba macho. Sheria iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye duka, stoo na nyumba. Wala hakuna aliyeketi kufikiri mwuza uji angeitiije. Kuongeza chumba hakuweza, kwa kuwa viwanja vilikuwa vya Manispaa na vyumba vilijaa wapangaji. Kwa hiyo alikuwa na njia mbili, kuacha kazi au kuifanya kwa kujificha, na chakula kinachopikwa kwa kujificha ndicho kilicho vigumu kukaguliwa.

Wakati huohuo Manispaa ilijitwalia biashara moja kabisa. Ilifungua Pumwani kilabu chake cha pombe, na pombe nyingine zote za Kiafrika zikawa haramu mjini, faida ikaingia katika mfuko wa Manispaa wa mambo ya Waafrika. Akina mama waliokuwa wakiishi kwa kupika pombe wakapoteza kazi yao au wakawa wahalifu. Wengi waligeukia chakula. Twalitaja jambo hili kwa sababu wazee wengine husimulia kana kwamba akina mama walijimwaga barabarani na masufuria yao kwa ukaidi tu. La, walisukumwa.

Wanaume nao walikuwa na kipande, kwa Sheria ya Uandikishaji ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika baada ya Vita ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alipaswa kuwa nacho, naye alikivaa shingoni ndani ya kikopo. Kijana aliyetembeza ndizi au mahindi ya kuchoma alipokamatwa, askari alitaka kuona karatasi mbili, kipande na leseni ya uchuuzi. Aliyekuwa na ya kwanza bila ya pili alitozwa faini au kufungwa. Aliyekuwa na ya pili bila ya kwanza alipatwa na yayo hayo. Ndizi zenyewe hazikutazamwa. Kama zilikuwa zimeoza au zimeiva vizuri, hilo halikuandikwa mahali popote.

Mashambani mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo. Sheria ya Biashara ya Mazao ya Waafrika ya mwaka 1935 ilitaka mazao yaliyotajwa yauzwe katika masoko yaliyotengwa, kwa wanunuzi wenye leseni. Ilisemwa kwamba mkulima angepata bei ya haki na mazao yangekuwa safi. Penginepo ilikuwa hivyo. Lakini mchuuzi Mwafrika aliyezoea kununua debe mbili tatu nyumba kwa nyumba na kuzipeleka mjini alijikuta nje ya mlango, na mwenye duka akawa ndani. Vita ya Pili ikaja, mahindi yakawekwa chini ya amri ya Serikali katika mwaka wa 1942, ukame ukafuata, na kubeba gunia la mahindi kuvuka mpaka wa wilaya pasipo kibali kukawa kosa. Hata hivyo mji ulizidi kujaa watu, na watu walikula.

Majina ya masoko yetu yameweka kumbukumbu za miaka ile kuliko vitabu vingi. Kariokor ni jina la kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza, wale waliobeba mizigo ya jeshi na kufa kwa maelfu. Burma, pale Shauri Moyo, ni kumbukumbu ya askari waliopigana katika nchi ya Burma katika Vita ya Pili. Na Shauri Moyo yenyewe ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Pangani, kijiji cha zamani kilichobomolewa karibu na mwaka wa 1939. Mtu akitembea kutoka Kariokor mpaka Burma kununua nyama, amepita katika vita mbili na uhamisho mmoja.

Wakati wa Hali ya Hatari maswali yale mawili yalikuwa moja kabisa. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952, na Aprili 24, 1954 majeshi yaliuzunguka mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini, walio wengi wakiwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Leseni za biashara zilifutwa kwa kutiliwa shaka tu, na aliyetaka leseni alipaswa kwanza kuthibitisha utii wake kwa Serikali. Mama muuza mboga hakuulizwa alikoosha sukuma wiki yake. Aliulizwa ni nani aliyemlisha usiku. Nafasi zake sokoni zikashikwa na wengine, na aliporudi baada ya miaka hakuikuta meza yake.

Uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963, Nairobi ilikuwa imekwisha kuwa na Meya wake wa kwanza Mwafrika, Bwana Charles Rubia, tangu mwaka wa 1962. Amri za kumzuia mtu kuingia mjini zikaisha. Watu wakaja, kama ilivyotazamiwa. Yasiyotazamiwa ni kwamba amri ndogo za mji zingebaki karibu zilivyokuwa, na askari wa Baraza wangeendelea kukimbizana na wauza machungwa katika barabara zilezile. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 ilikuwa na shabaha nyingine: kuwapa raia nafasi katika biashara zilizokuwa mikononi mwa wageni, hasa katikati ya miji. Iliwafaa wengi wenye mtaji. Mwenye sinia la maandazi haikumfikiria.

Katika mwaka wa 1972 Shirika la Kazi la Dunia lilileta hapa kundi la wataalamu waliotazama hali ya kazi na mapato katika Kenya, wakiongozwa na Bwana Hans Singer na Bwana Richard Jolly. Taarifa yao ikasomwa dunia nzima, kwa kuwa iliwatazama mafundi na wachuuzi wadogo, ambao wakati ule walihesabiwa kuwa uchafu wa mji, ikasema kwamba hao ni wafanya kazi wenye faida kwa nchi. Juu ya leseni walitoa shauri ambalo twaliona kuwa jambo la maana kuliko yote katika historia hii. Walishauri leseni zisizo za lazima ziondolewe. Mahali pa leseni pawekwe ukaguzi wa afya na usalama. Na leseni zitakazobaki zitolewe kwa kila aombaye awezaye kulipa ada yake. Yaani walitaka maswali yale mawili yatengane. Usafi ukaguliwe kweli, na ruhusa isifanywe tunda la kugombaniwa.

Shauri hilo lilisifiwa sana na kutekelezwa kidogo. Kwa nini? Twaona sababu iko wazi. Leseni zikiwa chache, huyo anayezigawa ni mtu mkubwa. Zikiwa za kila mtu, yeye ni karani tu. Na ukaguzi wa kweli una gharama: wataka Bwana Afya wa kutosha, maabara, na zaidi ya yote maji. Ni rahisi zaidi kutuma lori na askari. Kanuni za Usafi wa Chakula zilitolewa katika mwaka wa 1978, zenye masharti mengi mazuri juu ya sakafu, kuta, vyoo na maji, lakini zilisemea jengo, na wauzaji wengi hawakuwa na jengo. Mei 1990 vibanda vya Muoroto vilibomolewa na ghasia kubwa ikazuka. Wengi wanaikumbuka siku hiyo bado, wala hatuna haja ya kuirudia.

Ni afadhali tukae kidogo na habari ya maziwa, ambayo haijulikani vya kutosha. Chama cha wafugaji kilichoitwa KCC kilianzishwa na walowezi katika mwaka wa 1925, na baada ya Sheria ya Maziwa ya mwaka 1958 biashara ya maziwa mijini ilikuwa kwa maziwa yaliyopitishwa kiwandani. Mtu aliyebeba maziwa mabichi juu ya baiskeli alikuwa mwizi wa barabarani machoni pa sheria. Alimwagiwa maziwa yake na mtungi wake ukatwaliwa. Mwaka wa 1992 KCC ikapoteza haki yake ya kuuza mijini peke yake, wachuuzi wakaongezeka, lakini msako haukuisha. Kisha wachunguzi wa Wizara ya Mifugo, pamoja na taasisi mbili za utafiti, wakafanya kazi juu ya jambo hilo tangu 1997 mpaka 2005. Waliona kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yaliyouzwa nchini yalipita kwa wachuuzi hao. Na ya kwamba karibu kila nyumba huyachemsha maziwa kabla ya kuyanywa, kwa desturi yetu ya chai. Hatari ilikuwapo, lakini haikuwa ile iliyotangazwa. Ilikuwa zaidi katika mitungi ya plastiki isiyosuguka vizuri na katika maziwa yaliyotiwa maji.

Basi tangu 2004 Bodi ya Maziwa ikaanza kufanya jambo ambalo lingaliweza kufanywa miaka 40 kabla yake. Mchuuzi alifundishwa kupima maziwa na kuosha vyombo, akatakiwa kutumia mkebe wa chuma badala ya plastiki, na alipokwisha kufundishwa akapewa leseni. Hapo leseni ilikuwa ushahidi wa ujuzi. Hatusemi kwamba mabishano juu ya maziwa mabichi yalikoma. Yamefufuka mara kwa mara. Lakini kwa mara ya kwanza mchuuzi aliweza kumwendea Bwana Afya kwa miguu yake mwenyewe, wala si kumkimbia.

Wengine katika mikutano yetu wamesema kwamba, kwa kuwa leseni ilitumiwa vibaya, basi ukaguzi wote ni uonevu. Hapo Halmashauri haikubali. Kipindupindu kimeingia katika nchi yetu mara nyingi tangu 1971, na homa ya matumbo haijatoka. Mwaka wa 2017 kipindupindu kilizuka Nairobi hata katika mahoteli makubwa, miongoni mwa watu waliovaa tai na kula kwa sahani za kaure, na Wizara ya Afya ikafuta vyeti vyote vya wapishi na wauza chakula vilivyokuwa vimetolewa, ikataka wapimwe upya. Jambo hilo lafunza mawili. Cheti kinaweza kuwako na afya isiweko, kama kilinunuliwa bila kupimwa. Na ugonjwa hautazami kama chakula kimetoka katika jiko la marumaru au kwenye jiko la mkaa; hutazama maji na mikono.

Maji ndiyo deni kubwa la mji kwa mwuza chakula. Kwa miaka yote hii amelipa ada ya leseni, na wengi wamelipa pia tikiti ya soko kila asubuhi. Kwa fedha hizo amefukuzwa kwa kutokuwa na bomba ambalo yeye hana uwezo wala ruhusa ya kulichimbia mfereji. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha na ya usafi wa mazingira. Katiba hiyohiyo imezipa serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka wa 2013, masoko, leseni za biashara, na leseni za mahali panapouzwa chakula kwa watu. Maana yake ni kwamba anayekusanya ada na anayedaiwa soko lenye maji sasa ni mmoja. Zamani mtu aliweza kutumwa kutoka Baraza kwenda Wizarani na kutoka Wizarani kurudi Baraza mpaka viatu vyake vikaisha. Udhuru huo umepungukiwa na nguvu.

Kuhusu karatasi zenyewe, hali imepata kurahisishwa kwa hatua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 leseni nyingi za mabaraza zilikusanywa kuwa kibali kimoja cha biashara, na mwaka wa 2006 Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 ikafutwa. Katika mwaka wa 2023 Kaunti ya Nairobi ilianza kutoa kibali cha pamoja, kinachounganisha leseni ya biashara, ya usafi wa chakula, ya kinga ya moto na ya kibao cha tangazo, ili mtu alipe mara moja. Cheti cha afya cha mtu mwenyewe ni kitu kingine: hicho hutolewa baada ya kupimwa, na chapaswa kufanywa upya kila miezi 6. Kuna wanachama waliodhani kwamba wakilipa kibali wamemaliza, wakakamatwa kwa kukosa cheti; na wengine walionunua cheti kwa mtu aliyesimama nje ya lango, ambacho si cheti.

Halmashauri imemwandikia barua anayehusika na masoko kuomba mabomba na mifereji katika masoko mawili ambamo wanachama wetu ni wengi, ikionyesha ada zilizolipwa humo katika mwaka huu kwa hesabu ya stakabadhi tulizoletewa. Ili hesabu hiyo iwe kamili mwaka ujao, kila mwanachama anayeuza chakula aombwe asitupe tikiti zake za soko. Na mwanachama atakayetaka kusomewa maandishi ya kibali au cheti chake na amwone Katibu katika siku za mikutano, akija na karatasi zake zote.